Folio ya Kumi na Tano

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, karani wa masijala alitoboa matundu mawili kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Alitoboa pembeni, mahali pasipo na maandishi, akapuliza vumbi la karatasi lililobaki kwenye mashine, kisha akapitisha uzi. Karatasi nyingine kumi na tatu zilikuwa mezani zikisubiri zamu: vyeti vya shule, shahada, barua za walimu, barua ya usaili iliyosema kwamba binti ameshika nafasi ya kwanza kati ya waombaji mia mbili na kumi na mmoja, na picha ambayo binti amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimwambia atabasamu. Zote zilikuwa karatasi zenyewe, si nakala za mashine. Idara ile haikupokea nakala, maana nakala haziivi.

Ajira pale zilikwenda hivi, na zilikuwa zikienda hivyo tangu jengo lijengwe. Jalada la aliyefaulu usaili lilifungwa uzi, likatiwa kwenye shubaka lake ukutani, kijimlango cha mbao kikazibwa kwa gundi, likaachwa siku arobaini. Karatasi zilipata joto, zikafanya mambo yao. Siku ya arobaini mlango ulibanduliwa mbele ya Mkuu wa Idara, na ndani ikakutwa karatasi moja zaidi ambayo hakuna aliyeiandika, yaani barua ya ajira, wino wake bado mbichi. Atakayebandua kabla ya siku amefuta maombi yote, na nafasi haitangazwi tena mpaka ipite miaka sita. Kanuni ya tisa ilikuwa fupi kuliko zote: kinachotoka kwenye jalada ndicho kilichoajiriwa.

Wenzake walimwita karani Mama Kaburi, na walimwita hivyo kwa heshima. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameshika maelfu ya barua bila kusoma hata mstari mmoja. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kona ya juu, panapoandikwa namba ya karatasi, ile ambayo watu wa masijala huiita folio, yakaishia hapo hapo. "Masijala haisomi," alipenda kusema. "Masijala inatunza." Barua ya uhamisho wake mwenyewe iliwahi kupita mikononi mwake, tena uhamisho wa kupandishwa cheo. Aliipa namba, akaifungia mahali pake, na hakuhama mpaka leo.

Nafasi iliyotangazwa safari hii ilikuwa ya afisa wadudu, na binti yake alikuwa amesomea wadudu. Miaka miwili kati ya minne ya chuo aliimaliza amelala kifudifudi mbele ya ukuta mmoja wa udongo, akitazama nyigu. Majirani walipouliza mtoto anasomea nini, Mama Kaburi alijibu "sayansi," akabadilisha mazungumzo. Lakini moyoni alijivuna kupita kiasi. Na kwa kuwa alijivuna, aliogopa, asije mtu akasema mama kambeba mwanawe mgongoni. Akaapa kwamba jalada lile hataliangalia hata nukta moja zaidi ya anavyoangalia majalada ya watu baki.

Saa nne alilitia jalada kwenye shubaka, akagundua kuwa gundi imekwisha. Stoo ilikuwa ghorofa ya chini. Alitoka, akarudisha mlango wa masijala bila kuufunga kwa ufunguo, akashuka.

Kwenye benchi la koridoni palikuwa na mwanamke aliyeketi tangu asubuhi. Alivaa gauni la kijani lililong'aa, na alipogeuka kijani kile kiliingia kwenye buluu, na kwenye mkunjo wa kiuno kikawa chekundu kama shaba iliyosuguliwa. Watu walimwita Mheshimiwa. Hakuna aliyejua ni mheshimiwa wa nini, lakini askari wa getini alimpigia saluti, na hiyo ilitosha. Tarishi, mzee aliyekuwa amekaa upande wa pili akichambua bahasha, alisema baadaye kwamba Mheshimiwa hakuondoa macho kwenye mlango wa masijala tangu alipofika, na kwamba karani alipoishia kwenye ngazi, Mheshimiwa alinyanyuka taratibu kama mtu aliyekumbuka kuwa ana miadi.

Mama Kaburi aliporudi na kopo la gundi, alimkuta Mheshimiwa ameingia shubakani nusu mwili, kinyumenyume, mikono imeshika ukingo wa meza, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri lifti.

"Mheshimiwa, huku haruhusiwi mtu," alisema.

"Namaliza sasa hivi, mama."

Angekasirika mapema zaidi, lakini chumba kilikuwa kimejaa harufu ya nyumbani kwake mwenyewe: sabuni ya limau, mafuta ya taa, na ule unyevu wa ukuta wa jikoni ambao miaka yote alishindwa kuutibu. Mheshimiwa ndiye aliyenukia hivyo. Ni vigumu kumfukuza mtu anayenukia kama jikoni kwako. Ilimchukua muda kidogo, kisha akashika rula ndefu ya mbao na kumchapa nayo begani.

Mheshimiwa alijikunja. Kidevu kilikwenda magotini, visigino vikapanda mpaka kisogoni, na lile gauni likakaza pande zote mpaka pasibaki pa kushika. Rula iliruka kama imepiga kengele. Mama Kaburi alichapa mara mbili nyingine, akaona ni kazi bure, akamviringisha kwa mguu mpaka koridoni, akafunga mlango na kuzungusha ufunguo. Alisikia nje mtu akijikunjua, akijipangusa, akimwambia tarishi, "Siku njema, mzee wangu," na visigino vikienda zake.

Alisimama pale akihema, ameridhika na nafsi yake. Adui katolewa, masijala imelindwa.

Aliporudi kwenye shubaka aliona juu ya jalada la binti yake kikaratasi kipana kama kiganja, kimekunjwa mara moja, hakina nembo wala tarehe. Mtu yeyote aliyefanya kazi ofisini anakijua kikaratasi cha namna ile hata gizani. Jina lake ni kimemo. Huandikwa na mkubwa, huwa na maneno machache, na shabaha yake ni mtu fulani asaidiwe. Mama Kaburi alikijua kwa mkunjo wake.

Angeweza kukitupa. Lakini karatasi ikishaingia jaladani kuitoa ni kosa, kanuni ya nne. Angeweza kukisoma, lakini masijala haisomi. Angeweza kumwita Mkuu, na kama lingekuwa jalada la mtoto wa mtu mwingine angemwita, ila hili lilikuwa la mwanawe, na alikwisha kuapa. Kilichobaki ni kwamba karatasi isiyo na namba ni aibu ya masijala. Basi akakitoboa matundu mawili, akaandika kumi na tano kwenye kona, akakipitisha uzi, akafunga fundo. Kisha akapaka gundi na kuziba mlango. Aliziba vizuri sana, akapitisha kidole ukingoni mara mbili ili asiache upenyo.

Siku ya tisa shubaka lilikuwa na joto, kama kawaida. Siku ya kumi na sita lilianza kutoa sauti.

"Mama Kaburi," tarishi alisema akiweka bahasha mezani, "jalada la mwanao linatafuna."

"Karatasi zinakaa sawa tu."

"Nimekaa hapa miaka ishirini na nane. Karatasi zikikaa sawa husema kwachu. Hii inasema nyamu nyamu."

Alimwambia aende na bahasha zake. Lakini alipobaki peke yake alitega sikio kwenye mlango wa mbao, na kweli ilikuwa nyamu nyamu, ya mtu asiye na haraka.

Nyumbani, mambo ya binti yalianza kupungua. Kwenye ukuta wa sebuleni palikuwa na picha ya mahafali. Jumanne joho na kofia vilikuwepo, uso haukuwepo. Alhamisi mwalimu wake wa chuo alimpigia simu kumtafuta mtu mwingine, akasema samahani, namba hii ameikuta kwenye kitabu chake na hakumbuki ni ya nani. Ijumaa kovu lililokuwa gotini mwake tangu ana miaka sita, alipoanguka kutoka juu ya tangi la maji, lilikuwa limeondoka. Binti alilichunguza lile goti kwa muda mrefu, akaandika tarehe kwenye daftari.

"Mama," alisema wakati wa kula, "siku ile ya kufunga jalada, ulitoka ofisini?"

"Nilifuata gundi."

"Kuna mtu aliingia?"

"Aliingia, nikamtoa. Nilimviringisha kwa mguu mpaka koridoni."

"Kwani alijikunja?"

"Kama jongoo."

Binti aliweka kijiko chini. Akaeleza bila kupandisha sauti, kama alivyokuwa akieleza mbele ya walimu. Yuko nyigu mfinyanzi, alisema, anayejenga vyumba vya udongo ukutani. Kila chumba anakijaza buibui aliowachoma wakazimia, akiba ya mtoto, anataga yai moja, kisha anakwenda kufuata udongo wa kuzibia. Na yuko nyigu mwingine, mdogo, wa kijani kinachong'aa, asiyejenga wala kuwinda. Huyu kazi yake ni kukaa karibu na kungoja mwenzake atoke.

"Akitoka anaingia kinyumenyume, anataga lake. Mwenye nyumba akimkuta anamng'ata, ila hamuwezi, ana gamba, na anajikunja. Basi anambeba anamtupa nje. Halafu anaziba."

"Bila kuchungulia ndani?"

"Bila."

"Mjinga huyo nyigu wako."

"Si mjinga, mama. Kwake mgeni akishatoka, kazi imekwisha. Yai hana habari nalo."

Mama Kaburi alichezea ukingo wa sahani yake. "Na likianguliwa?"

"Linamaliza kwanza mtoto mwenye chumba. Halafu linakula akiba yote. Mwisho linatoboa mlango linatoka."

Nje mtu alikuwa akimfukuza kuku. Mama Kaburi alisema kwamba kesho asubuhi atabandua lile shubaka, na liwalo na liwe. Binti alimkumbusha miaka sita. Miaka sita mbele atakuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na tangazo lilisema mwisho thelathini. Hapakuwa na idara nyingine ya wadudu.

"Yako mayai yasiyoanguliwa," binti alisema. "Nimewahi kuyaona kwa macho yangu."

"Mengi?"

"Machache."

Wakaamua kusubiri. Mama aliomba usiku na mchana, binti aliandika daftarini.

Siku ya arobaini binti alifika ofisini saa tatu kamili, sketi imepigwa pasi, nywele zimebanwa. Mkuu wa Idara alikuja na kikombe chake cha chai. Tarishi alikuja kwa sababu alikuwa hajawahi kukosa. Mama Kaburi alishika kisu cha karatasi, lakini kabla hajakigusa kijimlango, kilitobolewa kutoka ndani, duara safi, na kijana akatoka kichwa kwanza.

Alikuwa kijana mzuri, wa kijani kibichi mabegani, buluu mgongoni, na tumboni mwekundu wa shaba. Alikuwa na unyevunyevu. Alisimama kwenye mwanga wa dirisha mpaka akakauka, akakunjua mikono ya koti, akapangusa kona ya mdomo. Kipande cha cheti cha kuzaliwa kilichokuwa hapo kiliingia kinywani. Ndani ya shubaka palibaki uzi, fundo lake bado limekazwa.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Kaburi.

"Marahaba," alijibu, maana salamu ni salamu.

Mkuu alichungulia shubaka, akamtazama kijana, akanywa chai. "Kanuni ya tisa," alisema. "Karibu kazini, Afisa. Vyeti vyako viko wapi?"

Kijana alijipigapiga tumboni. Sauti ilitoka nzito, ya vitu vilivyojaa na kupangwa vizuri.

"Na huyu?" Mkuu aliuliza, akimwonyesha binti kwa kikombe.

"Huyu ndiye mwenye jalada," Mama Kaburi alisema. Aliitaja folio ya kumi na tano, akataja Mheshimiwa, rula, benchi, gundi. Mkuu alimsikiliza kwa adabu zote mpaka mwisho. Kisha akauliza kama hiyo folio imo kwenye orodha ya jalada, na kwa mwandiko wa nani. Mama Kaburi alisema imo, kwa mwandiko wake.

"Basi iliingia kihalali," Mkuu alisema. "Asiyekuwepo na lake halipo. Lakini hatumtupi mtoto wa mwenzetu. Anaweza kujitolea. Afisa atahitaji msaidizi."

Binti alikuwa ameinama akihesabu pingili za tumbo la Afisa kwa mbali. Zilikuwa tatu, kama vitabu vinavyosema. "Nitajitolea," alisema, kwa sababu ilikuwa ndiyo njia pekee ya kukaa karibu na wadudu.

Kazi ikaanza. Afisa alipewa meza na kiti cha kuzunguka, binti akapewa kigoda pembeni ya meza hiyo. Afisa aliogopa wadudu. Mende akipita alinyanyua miguu yote miwili na kuomba aondolewe. Binti alikwenda mashambani, alilala kifudifudi, alihesabu, alichora, aliandika. Afisa alitia saini. Saini yenyewe ilikuwa ya binti, na ule mkia wake mrefu. Ripoti zilisifiwa. Moja ilisomwa hadharani mahali pakubwa, na Afisa aliitwa akapewa ngao.

Viwavi walipovamia mahindi, wakulima kumi na wawili walikuja na mabua yaliyotafunwa wakayamwaga mezani. Waliuliza wafanye nini, na wafanye lini. Afisa alitazama mabua. Kidevu kikaenda magotini, visigino vikapanda kisogoni. Mkulima mmoja alimgusa kwa bua, akasikia mlio wa kengele. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, lakini huyu alikuwa amekwisha kujikunja mwenyewe. Wakulima walingoja robo saa, kwa heshima, kisha binti akawaambia la kufanya, na wakalifanya, na likafaa. Katibu wa kikao aliandika kwenye kumbukumbu: Afisa alijikunja kwa tafakuri, wadau wakaridhika.

Mama Kaburi alitaka kumchukia. Alijitahidi sana. Lakini kila siku saa saba kijana alikuja masijala, akaketi kwenye kiti cha wageni, akamwuliza mgongo umeamkaje. Alijua kwamba mgongo unamsumbua. Alijua wimbo ambao Mama Kaburi alimwimbia binti alipougua surua, akauimba wote, pamoja na ule ubeti alioutunga mwenyewe na ambao hakumwimbia mtu mwingine duniani. Alikuwa na kovu gotini. Alicheka kwa kuvuta pumzi ndani, kama binti alivyocheka zamani, maana siku hizi binti hakuwa akicheka. Mama Kaburi alianza kubeba vyakula viwili, kisha vitatu, kwa kuwa Afisa alimaliza chake, akamaliza cha Mama Kaburi, halafu akauliza kwa upole kama binti ana njaa kweli. Alimpa huku anaumia, na aliumia zaidi kwa kuwa alimpa kwa mapenzi.

Mwezi wa nane ukaja waraka wa uhakiki wa vyeti. Kila mtumishi angekaguliwa, na wenye vyeti vya kughushi wangeondoka siku hiyo hiyo. Mama Kaburi aliisikia habari ile kwa tarishi, akasimama, akaketi, akasimama tena. Jioni, mbele ya binti, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka thelathini na moja. Alichukua kalamu akaandika barua yake mwenyewe, kurasa nne, akaeleza kila kitu, pamoja na kosa lake la kupenda namba kuliko mtoto. Aliisoma kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Umesoma, mama," binti alisema.

"Nimesoma," alisema Mama Kaburi, akalia.

Wakaguzi walikuwa watatu. Walikuwa na kioo cha kukuzia, taa ya zambarau, na orodha ndefu. Walimsimamisha Afisa dirishani, jua likimpiga kwa nyuma, wakamwomba avue koti. Karatasi zilionekana vizuri tumboni, zimelala moja juu ya nyingine kwa mpangilio wa folio, mihuri yote mizima. Mkaguzi mkuu alipitisha taa. Alisoma shahada kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu ilikuwa imegeuka, akaridhika.

"Halali," alisema. "Halali. Halali. Hii pia halali." Akamgeukia binti. "Na wewe una nini?"

"Nina kichwa," binti alisema. "Niulize chochote kuhusu nyigu."

"Kichwa hakina mhuri."

"Niulize tu."

Mkaguzi wa pili, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alimwuliza jambo moja kuhusu viwavi, pengine kwa sababu nyumbani walilima mahindi. Binti alimjibu kwa dakika kumi. Mkaguzi yule aliandika jibu lote kwenye kiganja chake, akashukuru. Kwenye fomu hakuandika kitu, kwa kuwa fomu haikuwa na sehemu hiyo.

Ikafika zamu ya barua ya kurasa nne. Mkaguzi mkuu alikuwa ameisoma, na alikiri kwamba imeandikwa vizuri.

"Hii folio ya kumi na tano. Unasema ni kimemo. Ulikisoma?"

"Masijala haisomi," Mama Kaburi alisema.

"Basi hujui kilisema nini."

"Kilisema, 'Msaidieni huyu,'" Afisa alisema, akifunga vifungo vya koti. Alisema kwa ukarimu kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Nakisikia hapa, karibu na mbavu. 'Msaidieni huyu.' Na chini yake pana herufi mbili."

Wakaguzi walitazamana. Mkuu wa Idara alitazama chai yake. Mkaguzi mkuu hakuuliza ni herufi gani. Aliweka kalamu mezani, akaipangusa, akaichukua tena.

"Huyu ni yeyote," alisema. "Kimemo hakikutaja jina. Kingetaja jina tungekuwa na la kuzungumza."

Walimaliza saa tisa. Kwa Mama Kaburi waliacha hati ya pongezi ya kutunza siri za ofisi kwa miaka thelathini na moja bila doa. Kwa binti waliacha agizo. Ilibainika kwamba amekuwa akitumia, bila cheti chochote, jina la mtumishi halali wa umma. Kwa kuzingatia utu na mchango wake kwenye viwavi hatashtakiwa. Anaweza kuendelea kujitolea, ila jina aliache ifikapo Ijumaa, na ofisini watumishi wote wamwite Msaidizi. Mama yake alitakiwa kutia saini kama shahidi. Mkuu alimwambia kwa sauti ya chini kwamba asipotia saini hata kigoda kitaondolewa.

"Tia tu, mama," binti alisema. "Viwavi watarudi mwezi ujao."

Akatia.

Siku za mwanzo ilikuwa taabu. Mtu alipotaja lile jina koridoni, binti aligeuka, na wenzake wakakohoa. Tarishi alijitolea kumfanyia mazoezi. Asubuhi, kabla ya kazi, alisimama nyuma yake akilitaja jina mara ishirini, mara thelathini, na binti alipanga bahasha bila kugeuza shingo. Wiki ya kwanza aligeuka mara tisa. Wiki ya tatu aligeuka mara moja. Tarishi alisema hajawahi kuona mwanafunzi mwenye nidhamu namna ile, kisha akaenda nyuma ya jengo akakaa peke yake mpaka kengele ya saa nne.

Jumapili Afisa alikuja nyumbani, kama alivyozoea, kwa sababu alipajua ni kwao. Aliketi kwenye kochi karibu na dirisha akitazama mkono wake ukibadilika rangi kwenye jua. Binti alikuwa mezani akiandika ripoti ya robo mwaka, karatasi zimemzunguka, kalamu inakwenda mbio. Mama Kaburi alikuwa jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, nzito, na mgongo siku ile ulikuwa haumruhusu kuiepua peke yake. Akaita.

Aliita jina alilolichagua mwenyewe, siku tatu baada ya uchungu, alipokuwa amelala na kile kitoto kifuani na hakuna mtu mwingine chumbani. Hakuwaza ofisi wala agizo. Aliita kama anavyoita mama mwenye sufuria ya moto.

Kalamu haikusimama.

Aliita tena, kwa nguvu zaidi, kisha akatoka mpaka kwenye kizingiti na kitambaa mkononi. Binti hakuinua kichwa. Alimalizia mstari, akaweka nukta, akanyoosha mkono na kumgusa Afisa kiwiko kwa mkia wa kalamu.

"Nenda," alimwambia. "Unaitwa."